FreeCAD 1.0 na matundu yanayojirudia: tathmini kwa ajili ya karakana za fremu za chuma

Rafu ya kufunga kwa bolti huhukumiwa kwa matundu yake. Chuma kinaweza kukatwa vizuri na rangi ikapigwa ikang'aa, lakini matundu ya nguzo moja yakipishana na ya mwenzake kwa milimita tatu, ubao hulala upande, na mfanyabiashara wa Kariakoo anayesubiri kupanga mzigo wake hatataka kusikia habari za rangi. Kwa sababu hiyo nimeitathmini programu ya FreeCAD, toleo la 1.0, kwa kazi hiyo moja tu: kuweka matundu yanayojirudia kwenye vipande vya fremu ya chuma. Kuhusu uzuri wa picha zake au uwezo wake wa kuchora majengo sitasema lolote, kwa kuwa mwenye karakana anayepokea oda ya rafu sita anataka kujua jambo moja, nalo ni kama mchoro utakaotoka utamwezesha fundi kutoboa mara moja bila kurudia.

FreeCAD ni programu huria iliyoanza kuandikwa mwaka 2002, na toleo la 1.0 lilitolewa Novemba 2024. Leseni yake ni LGPL, kwa hiyo mtu anaruhusiwa kuitumia kwenye kazi ya biashara bila kulipa chochote, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Jambo la leseni lina uzito kuliko linavyoonekana. Programu nyingine zenye jina hukodishwa kwa mwaka na kulipiwa kwa dola, na hata Fusion, ambayo ina leseni ya bure, huitoa leseni hiyo kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara na kuweka ukomo wa nyaraka 10 zinazoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja. Karakana yenye mashine moja ya kuchomelea na mafundi watatu haina sababu ya kujiingiza kwenye mkataba wa namna hiyo kabla ya kujua kama inahitaji kuchora kwa kompyuta au la.

Kipande nilichokitumia kuipima ni nguzo ya rafu ya anglelaini (chuma chenye mbawa mbili zinazokutana kwa umbo la L) ya 40 kwa 40, unene wa milimita 4, ile ambayo madukani wengi bado wanaiita ya inchi moja na nusu. Urefu wake ni milimita 2100. Tundu la kwanza liko milimita 75 kutoka mwisho wa chini, la mwisho liko milimita 75 kutoka juu, na hatua kati ya tundu na tundu ni milimita 50. Bolti ni M8, yaani ya kipenyo cha milimita 8. Matundu yapo kwenye mbawa zote mbili za anglelaini, ili ubao wa rafu ushikwe mbele na ubavuni.

Njia ambayo wageni wengi wa programu hii huikimbilia ni kubofya uso wa kipande kilichokwisha kuchorwa, kuweka mchoro juu yake, kisha kuchora maduara 40. Inawezekana, na kwa kipande kimoja kisichobadilika haina madhara makubwa, ila mchoro wenye maduara 40 na vipimo vyake huwa mzito kuurekebisha, na kila duara linakuwa nafasi nyingine ya kukosea. Njia iliyo bora ni kuchora duara moja tu, kulitoboa kwa amri ya Hole, kisha kulirudia kwa amri ya LinearPattern. Na kabla ya yote hayo inafaa kukilaza kipande vizuri kwenye mihimili: kona ya nje ya anglelaini ikae kwenye mhimili wa Z, ubawa mmoja ulale kwenye bapa la XZ na wa pili kwenye bapa la YZ. Ukifanya hivyo, mchoro wa tundu hukaa kwenye bapa la msingi, na mwelekeo wa kurudia matundu huwa mhimili wa Z wenyewe, bila kugusa uso wala ukingo wowote wa kipande.

Msisitizo huu una sababu yake. Programu za aina hii huzipa nyuso na kingo za kipande majina ya namba, na kipande kikibadilishwa, namba hizo zinaweza kuhama. Katika matoleo ya zamani ya FreeCAD, mtu aliyeongeza mkato mdogo kwenye mwisho wa nguzo aliweza kukuta matundu yake yamehamia ubawa mwingine au amri nzima imegoma. Toleo la 1.0 limepunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, na hilo ndilo lililosubiriwa zaidi na watumiaji wake. Hata hivyo, aliyejifunza kutegemea mihimili badala ya kingo hana haja ya kupima tatizo limepungua kwa kiasi gani.

Amri ya Hole ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Inachukua kitovu cha duara na kuupuuza ukubwa wake, kisha inakuuliza bolti ni ya kiwango gani. Ukichagua M8 isiyo na hesi na nafasi ya kawaida, inakupa tundu la milimita 9, sawasawa na jedwali la kiwango cha ISO 273. Ukitaka la kubana inakupa 8.4 na la kulegea 10. Kwa M10 vipimo hivyo ni 11, 10.5 na 12. Mtu anayetoboa kwa mazoea huenda akachukua keekee ya 8 kwa bolti ya M8, akashangaa kwa nini bolti inaingia kwa nyundo baada ya rangi. Hapa Dar, ambako hewa ya chumvi inalazimisha rangi iingie mpaka ndani ya tundu, milimita moja ya ziada si anasa. Amri hiyo pia ina kisanduku cha kugeuza mwelekeo, ambacho ndicho cha kuangalia kwanza pale programu inapokwambia kwamba tundu limeshindikana, kwa kuwa mara nyingi huwa linajaribu kutoboa hewa upande usio na chuma.

Kwa wanaotumia pipu za mraba badala ya anglelaini, kuna jambo moja la kuzingatia. Ukichagua kutoboa mpaka mwisho, tundu litapita kuta zote mbili za pipu, na hilo linafaa kama bolti inapita upande hadi upande. Kama skrubu inashika ukuta mmoja tu, weka kina cha kipimo: kwenye pipu ya 40 kwa 40 yenye ukuta wa milimita 2, kina cha milimita 10 kitapita ukuta wa kwanza na kuishia hewani kabla ya kuugusa wa pili.

Sasa tuje kwenye kurudia kwenyewe. LinearPattern ya toleo la 1.0 inatoa namna mbili za kupima: ama unataja urefu wote kutoka tundu la kwanza mpaka la mwisho, ama unataja hatua kati ya tundu na tundu. Idadi inayoombwa inalihesabu na lile tundu la asili. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kuwa nafasi 39 huzaa matundu 40. Kwenye nguzo yetu, 2100 ukitoa 75 mara mbili hubaki 1950, na 1950 ukigawa kwa 50 ni 39. Anayeandika 39 kwenye kisanduku cha idadi huku amechagua kupima kwa urefu wote atapata matundu 39 yaliyogawana milimita 1950 kwa nafasi 38, yaani hatua ya milimita 51.3 na ushei. Kwenye kioo nguzo itaonekana sawa kabisa. Itakapokutana na ubao uliotobolewa kwa hatua ya 50 ndipo maneno yatakapoanza. Kwa fremu za kufunga kwa bolti ninapendekeza kupima kwa hatua daima, kwa sababu hatua ndiyo ahadi kati ya kipande na kipande, na urefu wa nguzo ni jambo la mteja.

Uzuri ni kwamba idadi haihitaji kuandikwa kwa mkono. FreeCAD inakubali fomula kwenye karibu kila kisanduku cha namba, na toleo la 1.0 limeongeza kitu kiitwacho VarSet, ambacho ni kama daftari dogo la vigezo. Unaweka humo urefu, hatua na umbali wa mwisho, kisha kwenye idadi unaandika floor((VarSet.urefu - 2 * VarSet.mwisho) / VarSet.hatua) + 1, ambapo floor hukata desimali na kubakiza namba nzima. Mteja akisema dari la duka lake linaruhusu 2400, unabadilisha namba moja na matundu yanakuwa 46 yenyewe.

Lakini akisema 2430, fomula hiyo peke yake haitoshi. Itatoa matundu 46 vilevile, na milimita 30 zilizobaki zitarundikana juu, kwa hiyo mwisho wa chini utakuwa na 75 na wa juu 105. Nguzo ya namna hiyo ina kichwa na miguu, na fundi akiifunga kinyume, rafu zote zinapishana kwa milimita 30. Dawa yake ni kuongeza kigezo cha pili kinachogawa mabaki pande mbili: urefu ukitoa nafasi 45 za milimita 50, yaani 2430 ukitoa 2250, halafu ugawe kwa mbili, upate 90 juu na 90 chini. Nguzo haina tena juu wala chini. Sijaona sababu ya kuchora nguzo ya rafu kwa namna nyingine yoyote, na programu inayoniruhusu kuiandika kanuni hiyo mara moja na kuisahau imeshajilipia muda wa kujifunza.

Ubawa wa pili unapatikana kwa amri ya MultiTransform, ambayo inaunganisha kurudia na kuakisi. Unaweka bapa la kuakisia lenye pembe ya nyuzi 45 linalopita kwenye kona ya anglelaini, na duara moja linazaa matundu 80. Kwa kuwa mbawa zote mbili zinafanana, nguzo ya kushoto na ya kulia ni kipande kilekile, kwa hiyo nguzo nne za rafu moja ni kipande kimoja kilichounganishwa mara nne. Ukirekebisha cha asili, vyote vinafuata.

Hapa pana jambo ambalo mchoro uliniambia na ambalo kwa karatasi huenda lingepita. Niliweka kitovu cha tundu milimita 22 kutoka kona ya nje, ili washa yenye kipenyo cha milimita 16 ikae mahali tambarare mbali na mviringo wa ndani wa anglelaini. Kisha nikafunga, ndani ya kompyuta, pau za mbele na za ubavuni, zile zinazobeba ubao, kwa bolti za M8 zenye urefu wa milimita 25, vichwa vikiwa nje. Ncha ya kila bolti, baada ya kupita upau wenye unene wa milimita 4, inafika milimita 21 kutoka uso wa nje wa nguzo. Bolti ya ubawa wa pili, kwa kimo hichohicho, inachukua nafasi kuanzia milimita 18 mpaka 26. Zinagongana. Kwa bolti ya milimita 20 ncha inaishia kwenye 16, na kila moja ina nafasi yake. Mtu anaweza kufikiria kuusogeza ubawa mmoja kwa nusu hatua ili kuziepusha, lakini hapo upau wa mbele na wa ubavuni hautakuwa kimo kimoja, na ubao utakosa pa kulala. Bolti fupi ndiyo jibu, na ni vizuri kulijua kabla ya kwenda kununua pakiti nzima ya zile ndefu.

Nisiisifu mpaka nikafika mahali isipostahili. LinearPattern ya toleo hili haina namna ya kuruka tundu mojawapo katika mfululizo. Kama katikati ya nguzo kuna mahali pa kuchomelea kiungo na hutaki tundu la kumi na nane, inabidi ufanye mifululizo miwili, mmoja chini ya kiungo na mmoja juu yake, na fomula zako zinaongezeka mara mbili. Kati ya programu za kulipia, SolidWorks ina orodha ya matundu ya kuruka, na Inventor inakuwezesha kulizima tundu moja ndani ya mfululizo. Kwa kazi za fremu hilo si pambo, ni hitaji la kila wiki.

Vilevile programu haikuonyi kuhusu uimara. Ukiiambia itoboe kila milimita 15 itatoboa. Kiwango cha Ulaya cha EN 1993-1-8 kinataka, kwa uchache, umbali kutoka kitovu cha tundu mpaka mwisho wa chuma uwe mara 1.2 ya kipenyo cha tundu, na hatua iwe mara 2.2. Kwa tundu la milimita 9 hiyo ni 10.8 na 19.8, kwa hiyo nguzo yetu yenye 75 na 50 iko salama upande huo, ila anayebana hatua ili kumridhisha mteja anayetaka kuhamisha mbao kidogo kidogo anatakiwa afanye hesabu hiyo mwenyewe. Hesabu ya uzito ambao nguzo inaweza kubeba ni habari nyingine kabisa, na si ya programu hii peke yake.

Udhaifu mkubwa zaidi unaonekana pale unapotoka kwenye kipande kimoja kwenda kwenye fremu nzima. Matundu ya PartDesign, sehemu ya FreeCAD zilimo amri za Hole na LinearPattern, hukata kipande kilichomo ndani ya mwili (Body) mmoja tu. Upau na nguzo vinavyokutana kwenye bolti moja vina matundu mawili yasiyojuana, isipokuwa wewe uyafahamishe, ama kwa vigezo vya pamoja kwenye VarSet, ama kwa kuazima mchoro wa kipande kimoja ndani ya kingine. Ipo nyongeza iitwayo FrameForge, inayochora vipande vya fremu juu ya mistari ya mchoro mmoja na kuvikata pembe kwenye maungio, nayo inaokoa muda mwingi wa kuunda umbo la fremu. Lakini vipande vyake havizaliwi ndani ya PartDesign. Ili kutumia amri ya Hole unalazimika kuingiza kila kimoja kwenye mwili wake kama kipande cha msingi, kimoja baada ya kingine. Kwa rafu yenye aina tatu za vipande hiyo ni kazi ya muda mfupi, ila kwa kichanja cha kubebea mtambo chenye vipande arobaini visivyofanana itakuchosha.

Ni haki kusema kwamba programu za kulipia nazo zina mitego yake hapa. Katika Inventor, tundu lililotobolewa kwenye mkusanyiko wa fremu hubaki kwenye mkusanyiko, wala halionekani kwenye faili la kipande chenyewe. Asiyelijua hilo anaweza kuchapisha mchoro wa nguzo usio na tundu hata moja, ilhali kwenye picha ya fremu nzima yote yapo. SolidWorks huiweka fremu ya kuchomelea ndani ya faili moja lenye vipande vingi, na mkato mmoja unaweza kuvipita vipande kadhaa utakavyovichagua, jambo ambalo kwa matundu yanayopaswa kukutana ni raha kubwa. Karakana inayopokea fremu tofauti kila siku, na yenye mchoraji anayelipwa kwa kazi hiyo, itairudisha gharama ya leseni kupitia muda uliookolewa.

Mwishoni mchoro unatakiwa umfikie fundi, na sehemu ya TechDraw inafanya hilo vizuri, mradi usikubali kuweka vipimo vya 50, 50, 50 kwa mnyororo. Fundi akisogeza futi kamba kutoka alama hadi alama na kukosea nusu milimita upande uleule kila mara, baada ya nafasi 39 atakuwa amepotea kwa milimita 19.5. Vipimo vyote vianzie mwisho mmoja wa nguzo: 75, 125, 175 na kuendelea, na TechDraw ina amri ya kuweka vipimo vya namna hiyo. Pembeni andika 39 × 50 = 1950, ili kabla ya keekee kugusa chuma, fundi apime kutoka alama ya kwanza mpaka ya mwisho na aone kama 1950 ipo. Kwa oda kubwa mchoro huohuo unatosha kutengeneza kigezo cha kutobolea, kipande cha flatibaa kilichotobolewa kwa uangalifu mara moja na kubanwa juu ya kila nguzo, na hapo futi kamba haihitajiki tena.

Kabla ya kuchora, pima chuma ulichonunua kwa kalipa, usiamini jina la dukani. Inchi moja na nusu ni milimita 38.1, na 40 ni 40, na unene unaoambiwa ni 4 unaweza kuwa pungufu. Ndiyo sababu upana wa ubawa na unene wake vinastahili kuwa vigezo kwenye VarSet pamoja na urefu na hatua, halafu umbali wa tundu kutoka kona ubaki palepale kwenye 22 hata ubawa ukipungua, kwa kuwa kona ndiyo mahali ambapo fundi hulaza skwea yake anapopiga mstari.